Hoteli ipo ufukweni sawa, bahari je? Dhana potofu za kuchagua pa kulala kisiwani

Kazi yangu ni kupangia watu likizo za visiwani, na kama kuna sentensi natamani ipigwe marufuku ni hii: "we nitafutie tu hoteli iliyo ufukweni kabisa, mengine yote sawa." Mengine si sawa hata kidogo. Juzi nimeisikia tena kwa mtu ambaye kashabuku na kulipa, anachotaka ni nimwambie tu kachagua vizuri, na hapo ndo uvumilivu ukaisha, nikaona niandike yote hapa ili nikiulizwa tena natuma hii naendelea na shughuli zangu.

"Hoteli iko ufukweni, kwa hiyo naamka naingia baharini"

Hii ndo inanichosha kuliko zote na ndo nitakaa nayo sana, mtanisamehe. Kuwa ufukweni ni jambo moja, kuwa na maji ya kuogelea mbele yako ni jambo jingine, na kuna pwani hayo mawili yanakutana masaa machache tu kwa siku. Kila mtu anajua maji hupwa na kujaa, hilo tulisoma shule, lakini kichwani mwa wengi kupwa ni maji kurudi hatua kumi hivi halafu basi. Na kuna visiwa ni kweli iko hivo. Sehemu kubwa ya Karibi tofauti ya maji kupwa na kujaa haifiki hata mita moja, Maldivi ni kama mita moja hivi, unaweza kukaa wiki nzima usijue kama kuna kitu kimepanda au kimeshuka. Sasa mtu kashazoea picha za huko anadhani bahari zote duniani zina tabia hiyo.

Chukua Unguja. Kwenye bamvu, yani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti inakaribia mita 4. Halafu pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe kushuka Bwejuu, Paje mpaka Jambiani, chini ya maji ni tambarare ndefu inayoishia kwenye mwamba wa matumbawe huko mbali, mteremko wake ni mdogo mno, kwa hiyo hizo mita 4 za kwenda juu zikilala kwenye tambarare ile zinageuka kuwa kama kilomita nzima ya mchanga na mabwawa ya maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Nenda Kendwa na Nungwi, kaskazini-magharibi ya kisiwa hichohicho, mwezi ni uleule na maji yanashuka mita zilezile, ila kule sakafu ya bahari inazama haraka, basi maji yanarudi kidogo tu na unaogelea karibu muda wote. Hiyo tofauti hauioni kwenye idadi ya nyota, hauioni kwenye bei, na kwenye picha ya hoteli ndo kabisa usitegemee kwa sababu hakuna meneja atakayeita mpiga picha maji yakiwa yamepwa.

Mteja mmoja alinitumia video saa 5 asubuhi, kasimama kavaa nguo ya kuogelea, boya la mtoto kwapani, na kamera anaizungusha taratibu: mchanga wenye mistarimistari, ngalawa imelala ubavu, kinamama wawili wadogo kama vidole huko mbali wanakagua mwani kwenye vigingi, na mwisho kabisa mstari mweupe wa mawimbi. Akauliza, "bahari wameipeleka wapi?" Hoteli haikuchaguliwa na mimi lakini lawama nilibeba mimi.

Na kuna kitu hata wazoefu wengi hawakijui. Saa za maji zinasogea kama dakika 50 kila siku, sawa, lakini mahali pamoja bamvu huwa inarudi na saa zake zilezile. Unguja maji ya bamvu yanapwa sana mida ya saa 4 au saa 5 asubuhi, yani ukimaliza tu chai, na yanajaa jioni mida ya saa 10. Wiki inayofuata mwezi ukiwa nusu yanakuja maji mafu, tofauti inakuwa ndogo, bahari haiendi mbali wala haisogei sana. Kwa hiyo unakuta wageni wawili walilala chumba kilekile, wamepishana wiki moja, mmoja kaandika "bahari safi kabisa tumeogelea kila asubuhi" na mwingine kaandika "tumedanganywa hakuna bahari", na wote wawili wamesema kweli. Ndo maana mtu akiniambia nimesoma maoni ya wageni mia namuuliza, walikwenda mwezi ukiwa wapi?

Sasa ufanye nini. Kwanza fungua ramani ya setilaiti kwenye simu kabla hujafungua hata ukurasa wa hoteli. Ukiona mbele ya pwani kuna utepe mpana wa rangi ya kijani-maji hafifu halafu mbali huko mstari mweupe, hayo ni maji yaliyofungwa na mwamba, maji mafupi, na kama kisiwa kina kupwa kwa nguvu basi jiandae kutembea. Ukiona bluu nzito imekuja mpaka karibu na mchanga, hapo kina kipo. Pili tafuta jedwali la maji kupwa na kujaa la kisiwa hicho kwa tarehe zako, liko intaneti bure kabisa, miezi mingi mbele. Tatu waandikie hoteli swali hili hili usilibadilishe: "maji yakipwa kabisa, naweza kuogelea mbele ya hoteli bila kutembea?" Wakikujibu "tuna bwawa zuri sana" umeshapata jibu lako. Na hapo nina neno na wale wa "si kuna bwawa", mimi sielewi mtu anavuka bahari nzima kwenda kukaa kwenye maji ya dawa, ila ni hela yako.

Sipondi pwani za maji mafupi, msinielewe vibaya. Paje watu wa kaiti, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara kubwa, wanaipenda kwa sababu hiyohiyo, maji yanafika kiunoni na upepo hauna kizuizi, ukianguka unasimama tu. Kwa watoto wadogo na kwa mtu anayependa kutembea asubuhi ni raha tupu, ila vaa viatu vya maji, wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye mawe hawana mzaha, mwiba ukiingia unakatikia humohumo. Ninachokataa ni mtu kwenda pale akitegemea kuogelea kila akitaka. Kama huwezi kuamua, gawanya siku zako, nusu upande huu nusu upande ule. Huu ushauri nampa kila mtu mpaka wenzangu ofisini wananicheka, lakini sijaona aliyejuta.

"Msimu mzuri ni mmoja kwa kisiwa chote"

Hapana. Kisiwa kina upande unaopigwa na upepo na upande uliojificha, na kwenye bahari zenye pepo za msimu pande hizo zinabadilishana. Shelisheli ndo mfano mzuri. Kusi ikivuma, kama kuanzia Mei mpaka Septemba au Oktoba, pwani zinazotazama kusini-mashariki zinachafuka na baadhi zinajaa majani ya baharini, wakati Beau Vallon kule kaskazini-magharibi ya Mahé, kisiwa kikuu, maji yametulia. Zikija pepo za kaskazini-magharibi, Disemba, Januari, mambo yanageuka. Sasa mtu anaenda Julai kwa sababu rafiki yake alienda Januari akalala hoteli fulani bahari ikawa shwari, anabuku hoteli ileile, anakuta mawimbi, anasema hoteli imeshuka kiwango. Hoteli imekosa nini hapo!

Tailandi ni kali zaidi. Phuket iko upande mmoja wa rasi na Koh Samui upande mwingine, sio mbali ukiangalia ramani, lakini Phuket mvua na mawimbi makubwa ni kuanzia Mei mpaka Oktoba hivi, na Samui mvua zake nzito zinakuja Oktoba mpaka Disemba, Novemba ndo usiseme. Sri Lanka hivohivo, Disemba mpaka Machi unakaa pwani ya kusini-magharibi, katikati ya mwaka unahamia mashariki, Trincomalee au Arugam Bay. Kuna visiwa havibadiliki, Barbados upande wa magharibi ni shwari karibu mwaka mzima na upande wa mashariki pale Bathsheba unapigwa na Atlantiki wakati wote, ni pwani ya kutazama na ya wateleza mawimbi, kuogelea hapo ni kujitafutia balaa.

Na huko Karibi kuna jambo limeongezeka, lile gugu la rangi ya kahawia linaloelea, sargassum. Tangu 2011 limekuwa likija kwa wingi miaka mingi, linaanza kusumbua majira ya kuchipua mpaka kiangazi cha kaskazini, na linapiga zaidi pwani zinazotazama mashariki. Likioza ufukweni linanuka kama mayai viza, chumba cha kutazama bahari kinakuwa chumba cha kunusa bahari. Hoteli inaweza kufagia kila alfajiri lakini haiwezi kuhamisha kisiwa, kwa hiyo chagua upande kwanza ndo uchague hoteli.

Upande wenye upepo nao usiutupe tu. Miezi ya joto kali ule upepo ndo unakufanya ulale, na mbu wanapungua.

"Nyota tano ni nyota tano"

Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachogawa nyota. Kila nchi ina vigezo vyake na kuna mitandao ya kubukia inaruhusu hoteli ijipe nyota yenyewe. Nyota mara nyingi zinahesabu vitu, lifti ipo, mapokezi masaa 24 yapo, migahawa mingapi. Haziulizi kama mbele kuna mawe. Tuendelee.

"Kisiwa ni kidogo, popote ni karibu"

Hii ndo inaua siku za watu. Kilomita za kisiwani haziendi kama kilomita za barabara kuu. Kutoka uwanja wa ndege wa Unguja mpaka Nungwi ni kama kilomita 60 na weka saa moja na nusu, ukifika usiku na watoto wamelala begani utaona refu zaidi. Maldivi ndo kabisa watu wanaumia, kwa sababu ndege za majini zinaruka mchana tu. Ndege yako kubwa ikitua jioni unalala Malé, mji mkuu, au Hulhumalé jirani yake, usiku mmoja wa rizoti uliyokwisha kulipia unapotea hivihivi ukiutazama. Kabla hujalipa, linganisha saa ya kutua na saa ya usafiri wa mwisho kwenda kisiwani kwako, na uulize huo usafiri umo kwenye bei au la, maana pale kuna watu wamelia.

Tukiwa hukohuko, ile ya kwamba Maldivi ni ya matajiri peke yao ilishapitwa na wakati. Visiwa wanavyoishi wananchi vimejaa nyumba za wageni siku hizi. Ila jua masharti, pombe hakuna, na nguo za kuogelea za wazi zina sehemu yake maalumu ya ufukwe, kwingine unajisitiri. Ukiona hilo ni tatizo lipa rizoti, usiende ukabishane na wenyeji kwao.

"Nataka yenye ufukwe binafsi"

Nchi nyingi za visiwa ufukwe ni wa umma kisheria, Shelisheli ni hivo, Barbados ni hivo, Hawaii pia. Hoteli inamiliki vitanda vya jua na miavuli, mchanga ni wa wote. Unachokitafuta kwa jina hilo ni utulivu, na utulivu unapatikana kwa kukaa mbali na mji na mbali na gati la boti, neno "binafsi" kwenye tangazo halifukuzi mtu.

"Chumba cha juu ya maji ndo bora kuliko vyote"

Kwa picha ndio. Kwa kulala inategemea. Mawimbi yanagonga nguzo usiku kucha, kuna wanaosinzia kwa sauti hiyo na kuna wanaoamka macho mekundu. Njia ya mbao kwenda kwenye chakula inaweza kuwa ndefu na jua la mchana halina huruma, na rizoti nyingi hazipokei watoto wadogo kwenye vyumba hivyo kwa sababu pako wazi na mtoto anaweza kutumbukia, wengine wanakusainisha karatasi. Nikimpangia mtu siku nyingi namweka kwanza chumba cha ufukweni halafu siku mbili za mwisho ndo juu ya maji, anapata picha zake na mgongo wake unabaki salama. Akisisitiza zote juu ya maji, naomba angalau chumba cha upande uliokingwa na upepo, na hapo tunarudi palepale kwenye ramani ya setilaiti ambayo najua bado hujaifungua.