Je, wajua kwa nini tairi moja hupimwa kwa milimita na kwa inchi?

Tazama ubavu wa tairi la gari dogo. Huenda ukasoma 205/55 R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi: milimita 205. Ya pili ni asilimia, maana kimo cha ubavu ni 55% ya upana huo, karibu milimita 113. Herufi R hueleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Ile 16 ya mwisho ni kipenyo cha rimu, nacho ni kwa inchi. Fundi husoma yote kwa mkupuo, wala habadilishi chochote kichwani.

Inchi imeng'ang'ania hapo kwa sababu ya rimu. Tairi na rimu lazima vishikane barabara, hivyo ukigusa kipimo cha kimoja umegusa na cha pili, pamoja na kalibu za viwandani na mali yote iliyo madukani. Michelin, watengenezaji wa tairi, walijaribu kuiacha inchi. Mwaka 1975 walitoa tairi la TRX, lenye rimu za milimita kama 390, sawa na inchi 15.4 hivi. Tairi la inchi 15 halikuingia, la 16 lilipwaya. Mwenye gari akawa hana pa kwenda ila kununua TRX tena, na mtindo huo ukafifia.

Hapa naona jambo la maana kuhusu mazoea. Mtu aliyekulia kwenye mita akisikia televisheni ya inchi 32, ukubwa wake humjia mara moja. Mwambie akate mbao ya inchi 32, atauliza ni sentimita ngapi. (Ni 81.) Inchi anayoijua ni ya televisheni tu.

Ndiyo maana hatari huja pale kitu kilekile kinapohamishiwa kipimo kingine. Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani, ikateleza bila injini hadi Gimli, Kanada, na wote wakanusurika. Ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Ili kupata uzito wa mafuta, waliokokotoa walizidisha lita kwa 1.77, namba waliyoizoea, iliyo sahihi kabisa kwa ratili (pauni). Ndege hiyo mpya ilihesabu kwa kilo, na kwa kilo ni kama 0.8. Iliruka na chini ya nusu ya mafuta yake.