LSD haikuzaa maandamano ya Vietnam

Imezoeleka kusimuliwa kwamba vijana wa Marekani waliipinga vita ya Vietnam kwa sababu walikuwa wamelewa LSD, dawa iletayo maruweruwe. Tarehe zenyewe zinakataa, kwani maandamano hayo yalirithi mbinu na watu wa harakati za haki za weusi. Februari 1960, wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula katika duka la Woolworth mjini Greensboro, kusini mwa Marekani, wakidai kuhudumiwa kama wazungu. Waliowafuata walifunzwa kuvumilia matusi na kipigo bila kulipiza. Nidhamu hiyo haiji kwa kulewa, na wengi waliilea kanisani. Baadhi ya viongozi wa wanafunzi waliodai uhuru wa kusema katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1964 walikuwa wametoka jimbo la Mississippi kupigania haki ya weusi kupiga kura. Wakati huo LSD ilikuwa bado haijaenea mitaani.

Tena wapigadebe wa dawa hiyo waliwavunja moyo waandamanaji. Oktoba 1965, mwandishi wa riwaya Ken Kesey alipanda jukwaani Berkeley, kwenye mkutano wa kupinga vita, akawaambia waipe vita kisogo. Timothy Leary, mwanasaikolojia aliyeinadi LSD, naye alihimiza watu wajitoe kwenye mfumo. Kufikia 1967 makundi hayo yalikuwa yamechanganyikana, ni kweli. Lakini kuwaita wote walevi kuliwapa wakubwa mwanya wa kutojibu hoja kuhusu vijana waliokuwa wakiingizwa jeshini kwa lazima.