Kuzunguka India kwa Bajeti Ndogo Bila Kula Nyama: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi wa Afrika Mashariki wanaoamua kuzunguka India na begi mgongoni huondoka wakiwa na sura ya Mhindi waliyoizoea mitaani kwetu: mwenye duka asiyegusa nyama, anayekula chapati, dengu na mtindi. Sura hiyo ina asili yake. Sehemu kubwa ya familia za Kihindi zilizohamia kwetu zilitoka jimbo la Gujarat, hasa Kutch na Kathiawar, ambako Wahindu wengi na Wajaini, wafuasi wa dini ya Jain, wameshika sana mwiko wa nyama. Tatizo huanza pale msafiri anapoichukua Gujarat kuwa ndiyo India nzima, kwa sababu hapo hupanga njia yake vibaya, na mwenye fedha kidogo hana akiba ya kurekebishia mpango uliokosewa.

Dhana: Wahindi hawali nyama, kwa hiyo popote utakaposhuka utapata chakula chako.

Utafiti wa serikali ya India wa mwaka 2014, uliofanywa chini ya ofisi ya Msajili Mkuu, ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 70 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea si walaji wa mboga tupu. Tofauti kati ya majimbo ni kubwa mno. Rajasthan karibu robo tatu ya watu hawali nyama, na Haryana, Punjab na Gujarat wasiokula ni zaidi ya nusu. Lakini Telangana, Bengal Magharibi na Kerala wanaokula wanapita asilimia 95.

Hata hivyo takwimu hizo peke yake zinaweza kumpotosha mtu upande wa pili. Tamil Nadu nayo ina wala nyama wengi kama Kerala, lakini ni miongoni mwa sehemu rahisi zaidi kwa asiyekula nyama, kwa kuwa migahawa ya mboga tupu imejaa kila mji, mingi ikifuata mapishi ya Udupi, mji wa hekalu ulioko jimbo jirani la Karnataka. Mtu mwenye rupia chache huingia saa sita mchana, hutandikiwa jani la mgomba, huwekewa wali, sambar (mchuzi wa dengu na mboga), rasam (supu nyepesi yenye ukali), mboga mbili tatu na mtindi, na katika migahawa mingi ya aina hiyo wali huongezwa bila malipo ya ziada mpaka alikunje jani lake kuonyesha kwamba ametosheka. Kwa hiyo cha kuuliza kabla ya safari ni kama mahali hapo pana desturi ya migahawa ya mboga. Idadi ya wala nyama peke yake haikujibu swali hilo.

Bengal ni kinyume chake: hata Wabrahmini wa huko, tabaka la makuhani wa Kihindu, ambao mgeni angedhani ndio wa mwisho kugusa kitoweo, hula samaki bila shida yoyote. Kaskazini-mashariki mambo huwa magumu zaidi. Nagaland na Mizoram nyama ya nguruwe ni chakula cha kawaida, na Manipur hata mboga za majani na viazi hupondwa pamoja na ngari, samaki waliochachushwa, ambao mgeni hawaoni kwenye sahani ila huwasikia kwa harufu. Anayekwenda huko kwa bajeti ndogo abebe dengu za kukaanga na karanga, na atarajie kupika mwenyewe baadhi ya siku.

Upande mwingine kabisa iko miji ya hija. Haridwar na Rishikesh, kando ya mto Ganga, sheria za manispaa hukataza kuuza nyama na mayai, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya India iliidhinisha katazo la mayai la Rishikesh baada ya wafanyabiashara kulipinga. Pushkar, Rajasthan, nako ni vivyo hivyo. Kwa mtazamo wangu miji hii ndiyo mahali pazuri pa kuanzia safari, kwa sababu humpa mgeni siku kadhaa za kujifunza majina ya vyakula bila kulazimika kuhojiana na mpishi kila mlo.

Dhana: Ukishasema huli nyama, umemaliza.

Hapa ndipo wageni hujikwaa zaidi, na kujikwaa kwenyewe huja kwa namna mbili zinazopingana. Anayekula mayai hushangaa kuyakosa: kwa desturi za India na kwa kanuni zake za lebo za vyakula, yai liko upande mmoja na nyama. Kila chakula kilichofungashwa hutakiwa kuwa na alama. Kitone cha kijani ndani ya mraba wa kijani maana yake hakuna nyama, samaki wala yai; chenye vitu hivyo hubeba alama ya kahawia, ambayo siku hizi ni pembetatu. Alama hiyo ndogo huokoa muda mwingi dukani, kwa kuwa haihitaji kujua lugha yoyote kati ya lugha nyingi za nchi hiyo. Keki na biskuti zina alama hizo pia, na ni vyema kuziangalia, maana wageni wengi hawafikirii kuwa keki ina yai.

Asiyekula kitu chochote kitokacho kwa mnyama naye hushangaa kwa sababu nyingine. Kitone cha kijani hakiondoi maziwa. Samli hupakwa kwenye mkate, humwagwa juu ya dengu na hutiwa kwenye halua, na mpishi huiona kuwa ni heshima kwa mgeni, hivyo kumwambia asiitie kunahitaji kurudiwa mara mbili kwa upole. Paneer ni maziwa yaliyogandishwa, kwa kawaida kwa limau au asidi nyingine na si kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, jambo linalowaridhisha wala mboga wanaoepuka jibini za Ulaya, lakini halimsaidii aliyeacha maziwa.

Halafu wako Wajaini, ambao mwiko wao unafika mpaka ardhini: wenye kuushika sawasawa hawali vitunguu, vitunguu saumu, viazi wala karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi huua mmea wote pamoja na viumbe vidogo vilivyo kwenye udongo wake. Mapishi yao hupata ladha kwa mvuje, ule utomvu wenye harufu kali ambao bibi zetu wa pwani huutumia kama dawa. Asiyepatana na ngano azingatie kwamba mvuje wa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano.

Dhana: Asiyekula nyama tumbo lake liko salama.

Kinachoharisha msafiri mara nyingi ni maji machafu na mikono isiyooshwa, na hivyo viwili havichagui kati ya kuku na kabichi. Kwa kweli mla mboga hukutana na hatari mbili tatu ambazo mwenzake anaweza kuzikwepa: kachumbari mbichi, chatini iliyosagwa kwa maji ya bomba, na pani puri, vile vitumbua vitupu vya kukaanga vinavyotobolewa kwa kidole gumba na kuchovywa kwenye ndoo ya maji ya ukwaju na mnanaa mbele ya macho yako. Ni vitamu kweli, na watu hupanga foleni, lakini kila kimoja hubeba maji ambayo hujui yalikotoka. Idli (vikate laini vya mchele) inayotolewa kwenye mvuke, dosa (mkate mwembamba wa mchele na dengu) inayotoka kwenye kikaango, dengu zinazochemka: hivyo ni salama zaidi, na bei yake ni ya chini. Kwenye stesheni chupa ya lita moja ya maji ya Rail Neer, yanayouzwa na shirika la reli, ni takriban rupia 14; hakikisha kizibo hakijafunguliwa.

Dhana: Chakula cha bure cha hekaluni ni cha maskini, na mtalii akila anaonekana mwizi.

Langar, jiko la hekalu la Masingasinga, linahusishwa na Guru Nanak aliyezaliwa mwaka 1469, na shabaha yake ni kwamba watu wa kila tabaka waketi chini kwa usawa wale chakula kimoja. Chakula hakina nyama ili kila mtu, wa dini yoyote, aweze kukila. Kwenye Hekalu la Dhahabu la Amritsar jiko hufanya kazi usiku na mchana. Unaacha viatu kwa wahudumu, unaosha miguu kwenye kidimbwi chenye kina kifupi mlangoni, unafunika kichwa, unachukua sahani ya chuma na kukaa kwenye mkeka mrefu uliojaa watu safu kwa safu. Wanaojitolea hupita haraka na ndoo za dengu na upawa. Mkate haurushwi kwenye sahani. Unaupokea kwa viganja viwili vilivyounganishwa. Ukipokea kwa mkono mmoja utapuuzwa kwa upole mpaka uunganishe.

Usichukue usichoweza kumaliza. Kuna sanduku la sadaka, na ambaye fedha zimemwishia anaweza kukaa na wanaomenya vitunguu saumu au wanaoosha sahani, kazi ambayo hufanywa hata na wenye magari makubwa. Delhi nako liko hekalu lingine la Masingasinga, Gurdwara Bangla Sahib, linaloendesha jiko la namna hiyohiyo.

Dhana: Kwenye treni ni lazima ubebe chakula chote.

Safari ya saa 30 hutisha, lakini wauzaji hupita kila behewa wakiita chai, na treni za haraka kama Rajdhani humwuliza abiria anapokata tiketi kama anataka mlo wa mboga au wa nyama. Mlo wa mboga kwa kawaida ndio wa bei ndogo. Kinachostahili wasiwasi ni tiketi yenyewe: tangu Novemba 2024 tiketi za treni nyingi huanza kuuzwa siku 60 kabla ya safari, na daraja la kulala lisilo na kiyoyozi hujaa upesi. Baadhi ya treni zina nafasi zilizotengwa kwa wageni, na ofisi inayowahudumia iko ghorofa ya kwanza ya stesheni ya New Delhi. Nenda na pasipoti yako halisi.

Dhana: Bila nyama utachoka njiani.

Dengu na wali vikiliwa pamoja hukamilishana protini, na mtindi huongeza vitamini B12 ambayo mimea haina. Madini ya chuma ndiyo yanayohitaji uangalifu, na kikwazo chake ni chai inayonywewa pamoja na mlo, kwa kuwa huyazuia yasifyonzwe vizuri. Isubirishe saa moja, na kamulia limau kwenye dengu.