Fowili ya kujiundia kwa injini ya pikipiki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Fowili ni gari linalovutwa na magurudumu yote manne. Hapa kila sehemu inaanza na dai linalosikika, kisha linajibiwa. Mahesabu yote ni ya injini ya pikipiki ya Suzuki Hayabusa ya 1999, cc 1299. Gari ni la kilo 600 hivi, lina tairi za saizi 195/50R15 na difu (gia zinazogawa mzunguko kwa gurudumu la kushoto na la kulia) za uwiano wa 3.9 mbele na nyuma. Injini imegeuzwa ili krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ielekee mbele na nyuma. Cheni inashuka kutoka sproketi (gurudumu la meno ya cheni) ya giaboksi hadi shafti fupi ya katikati, na kila ncha ya shafti hiyo inatoa propela yake, yaani shafti ndefu inayokwenda kwenye difu.

"Nguvu farasi 175 haziwezi kushindwa na gari jepesi."

Injini haishindwi, klachi ndiyo inayoungua. Gia ya kwanza ya pikipiki hii ni ndefu mno: ikifika mizunguko 10,000 kwa dakika, pikipiki iko karibu kilomita 120 kwa saa. Kwenye gari linalovuta nyuma tu, ukiachia klachi kwa pupa tairi huteleza na klachi ikapata nafuu. Tairi nne zinazovuta pamoja zimeng'ang'ania barabara, kwa hiyo kinachoteleza ni sahani za klachi, na joto lote linabaki humo. Tiba ya kwanza ni uwiano wa gia. Ukiweka sproketi mbili za meno sawa, unazidisha uwiano kati ya krankshafti na klachi, wa gia ya kwanza, na wa difu: 1.596 × 2.615 × 3.9, yaani injini inazunguka mara 16.28 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Sasa gia ya kwanza inaishia kilomita 67 kwa saa, na ya sita 167. Baada ya hapo funga springi ngumu zaidi za klachi na utumie oili yenye alama ya JASO MA, ya pikipiki zenye klachi inayooga oili. Klachi hii inaoga oili ya injini, na oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano itaifanya iteleze hata ikiwa mpya.

"Ukichukua difu la nyuma ukaligeuza na kuliweka mbele, magurudumu ya mbele yatarudi nyuma."

Dhana hii imewafanya watu wengi kubomoa kazi iliyokuwa sawa. Shika kalamu katikati na uizungushe. Anayeitazama kutoka ncha moja anaona inafuata mshale wa saa, na wa ncha ya pili anaona kinyume. Difu nalo umeligeuza, kwa hiyo mageuzo mawili yanafutana na magurudumu yote yanakwenda upande mmoja. Yatarudi nyuma ukilipindua difu juu chini, na hapo oili nayo haifiki inakotakiwa.

Tatizo la kweli liko kwenye meno. Difu lililogeuzwa linasukuma kwa mgongo wa meno, upande uliokusudiwa kubeba mzigo mdogo wa kupunguza mwendo kwa injini. Pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela) inavutwa ndani kuelekea krauni (gia kubwa inayozungushwa nayo) badala ya kusukumwa nje, na mzigo unaangukia beringi yake ndogo ya mbele. Kwa gari jepesi linaloendeshwa kwa utulivu inaweza kudumu. Kwa mashindano, tafuta difu lililokatwa meno kinyume kwa ajili ya eksili ya mbele.

Kabla ya kuchomelea chochote, ingiza gia ya kwanza, zungusha krankshafti kwa mkono kwa upande wake wa kawaida, na utazame magurudumu. Injini ikielekezwa kinyume, utakuwa na gia sita za kurudi nyuma.

"Cheni ya pikipiki haitahimili."

Cheni ya saizi ya 530 iliyo nzima inahimili. Vishikio vya shafti ndivyo vinavyopinda. Injini inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 138. Katika gia ya kwanza, shafti ya giaboksi inabeba karibu 576, na sproketi ya meno 17 ina nusu kipenyo cha milimita 43. Mvuto wa cheni basi ni nyutoni 13,300, sawa na uzito wa kilo 1,360 ukining'inia kwenye beringi za shafti ya katikati. Kibati kimoja kilichochomelewa upande mmoja wa chesisi kitajikunja, sproketi zitapishana, na cheni itakula meno. Beba shafti kwa beringi pande zote mbili za sproketi, na ufunge vishikio na injini kwenye fremu moja. Propela nazo zinafika mizunguko 6,000 kwa dakika katika gia ya sita, kwa hiyo zipelekwe kubalansiwa.

"Difu la kati, linaloruhusu eksili ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, ni anasa."

Kwenye tope, ndiyo. Kwenye lami, gari lenye mita 2.3 kati ya eksili likikata kona ambayo nyuma inapita mita 5 kutoka kitovu, mbele inapita mita 5.5. Hiyo ni asilimia 10 zaidi. Bila difu la kati tofauti hiyo inasokotwa ndani ya propela na shafti ya katikati.

"Rivasi si lazima, gari ni jepesi utalisukuma."

Uingereza, sheria inadai rivasi kwa gari linalozidi kilo 410 likiwa tupu. Magari mengi ya aina hii yanatumia mota ya umeme au giaboksi ndogo ya rivasi.

"Oili ikijaa hadi alama, inatosha."

Pikipiki hulala kwenye kona, na oili hubaki kwenye sakafu ya sampo (bakuli la oili chini ya injini). Gari halilali. Oili inakimbilia ubavuni, pampu inavuta hewa, na beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krankshafti) zinakwisha ndani ya sekunde chache. Weka kizuizi cha bati ndani ya sampo, na kwa mashindano tumia tangi la oili la pembeni. Funga geji ya presha ya oili na taa kubwa ya onyo mbele ya macho ya dereva. Taa ikipepesa kwenye kona ndefu, zima injini hapo hapo.