Disleksia shuleni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanafunzi anayejibu vizuri kwa mdomo, kisha akashindwa kusoma swali lile lile kwenye karatasi, huitwa mvivu muda mrefu kabla ya mtu yeyote kumpima. Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma maneno kwa usahihi na kwa wepesi, na wa kuyaandika kwa tahajia sahihi. Makadirio mengi huiweka kati ya wanafunzi 5 na 10 katika kila 100, yaani darasa la wanafunzi 40 linaweza kuwa na 2 hadi 4. Wengi wao hucheleweshewa msaada na dhana zifuatazo.

Dhana: Ni tatizo la macho, mtoto anaona herufi zimegeuka

Dhana hii ina umri mkubwa. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan alieleza habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili nzuri aliyeshindwa kusoma, akaiita hali hiyo upofu wa maneno wa kuzaliwa nao. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba kwa wengi ugumu uko kwenye sauti za lugha: kutambua kwamba "paka" lina sauti nne, kwamba ukiitoa /p/ ukaweka /t/ unapata "taka", na kuunganisha sauti hizo na herufi zake papo hapo. Kuchanganya b na d ni jambo la kawaida kwa mtoto yeyote anayeanza kusoma, hadi miaka 7 hivi.

Ndiyo maana miwani ya rangi na mazoezi ya macho havitibu disleksia. Vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba tiba hizo hazina ushahidi wa kisayansi wa kuziunga mkono. Macho na masikio yapimwe, kwa sababu mtoto asiyeuona ubao naye atasoma vibaya. Ila fedha za familia zisiishie kwenye lenzi.

Dhana: Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo disleksia haimsumbui msomaji wake

Tahajia yenye utaratibu hubadilisha sura ya tatizo, hailiondoi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwalinganisha watu wazima wenye disleksia wanaosoma Kiitaliano, ambacho tahajia yake ni ya utaratibu, na wanaosoma Kiingereza na Kifaransa. Waitaliano walikosea mara chache kuliko wengine, lakini wote walipokuwa wakisoma ubongo wao ulionyesha upungufu ule ule wa shughuli katika sehemu ya upande wa kushoto.

Kwa hiyo usitafute makosa tu, tafuta na mwendo. Mtoto anayesoma Kiswahili anaweza kufika darasa la tatu au la nne akisoma kwa usahihi wa kuridhisha, huku kila neno akilikokota silabi kwa silabi. Afikapo mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka. Kwenye neno refu kama "tutakapowatembelea" husoma silabi mbili tatu za mwanzo kisha akakisia, akasema "tutakwenda". Katika imla hudondosha sauti zilizobanana: "mwanafunzi" likawa "manafuzi", "mbuzi" likawa "buzi". Tahadhari moja hapa: mtoto anayeandika "kurara" kwa kuwa ndivyo anavyolitamka "kulala" anaonyesha athari ya lugha yake ya kwanza. Hiyo peke yake si disleksia.

Kusoma katika lugha mbili hakusababishi disleksia pia. Apimwe katika zote mbili. Ugumu ukionekana katika ile asiyoijua tu, huenda shida ni lugha yenyewe.

Dhana: Wenye disleksia wana akili ndogo

Hapana. Disleksia huwapata watoto wa kila kiwango cha akili, na wenye alama za chini za akili nao hunufaika na mafundisho yale yale.

Dhana: Tusubiri akomae, au arudie darasa

Hii ndiyo inayogharimu zaidi. Msaada wa miaka miwili ya mwanzo ya shule huzaa matunda makubwa kuliko ule unaokuja mtoto akiwa na miaka 10, ambapo tayari amezoea kushindwa na ameachwa nyuma kimsamiati. Kurudia darasa humpa mafundisho yale yale kwa mara ya pili, akiwa ametenganishwa na wenzake.

Dhana: Bila mtaalamu, mwalimu hana la kufanya

Uthibitisho rasmi ni kazi ya mtaalamu. Kumbaini mtoto aliye hatarini, mwalimu anaweza kwa dakika 15 hivi, akiwa naye peke yake mahali patulivu.

1. Mwonyeshe herufi na miungano kama mb, nd, ny na ng' bila mpangilio, atoe sauti zake.
2. Michezo ya sauti kwa mdomo tu: "Sema kitabu. Sasa sema bila ki."
3. Asome maneno yasiyo na maana, kama bisulo, ng'ateki na mbolushi. Hatua hii isirukwe. Mtoto aliyekariri kitabu kizima hana pa kujificha hapa, maana hawezi kukisia wala kukumbuka.
4. Asome kifungu asichokijua cha kiwango chake kwa dakika 1, nawe uhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa.
5. Imla ya maneno 10.
6. Msomee hadithi fupi na kumuuliza maswali. Akielewa anaposomewa na kushindwa anaposoma mwenyewe, pengo hilo lina uzito.

Mlinganishe na wenzake wa darasa hilo hilo. Waulize wazazi pia, kwa sababu disleksia hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na mara nyingi baba au shangazi naye alihangaika na kusoma. Wapimeni na wasichana wakimya: mvulana anayekwama huvuruga darasa, akaonekana, msichana anayenakili kwa jirani husahaulika.

Usingoje majibu ya mtaalamu ndipo uanze kusaidia. Fundisha wiki 8 hadi 12, rudia kipimo cha dakika 1 kila wiki, weka rekodi. Mtoto asiyepiga hatua baada ya hapo apelekwe kwa mtaalamu pamoja na rekodi hiyo.

Dhana: Asome zaidi tu

Wingi wa njia iliyomshinda haumsaidii. Kinachosaidia ni kufundishwa wazi uhusiano wa sauti na herufi, kwa mpangilio, kutoka rahisi kwenda gumu: irabu, kisha silabi kama ma na ta, kisha sh, ch na dh, kisha mb na nd, mwisho mbw na ngw. Kundi liwe la wanafunzi 1 hadi 4 wa kiwango kimoja, dakika 30 hadi 45, siku 4 au 5 kwa wiki. Kila kipindi kiwe na marudio, mchezo wa sauti, herufi au muungano mmoja mpya, kuandika kile kile alichokisoma, na kusoma sentensi. Kwa wakubwa, wafundishwe kuvunja maneno marefu kwa viambishi: tu-taka-po-wa-tembelea.

Mambo matatu huharibu kazi hii. Mwalimu hukimbilia somo jipya kabla la jana halijakaa. Kitabu cha mazoezi huwa na silabi ambazo hazijafundishwa, mtoto akarudi kukisia. Tena msaada husitishwa mara tu anapoanza kusoma bila kosa, ilhali bado ni wa polepole. Hapo panahitaji kifungu kimoja kisomwe mara 3 au 4 hadi kitiririke.

Dhana: Muda wa ziada wa mtihani ni upendeleo

Mtihani wa sayansi unapima sayansi. Kuongezewa robo ya muda, au kusomewa maswali pale ambapo kusoma sicho kinachopimwa, huondoa kizuizi bila kumpa jibu. Darasani, asinyanyuliwe kusoma kwa sauti bila kuandaliwa, apewe muhtasari badala ya kunakili ubao mzima, na maudhui yasahihishwe kando na tahajia. Misaada ya mtihani ianze kutumika kwenye majaribio ya kawaida miezi mingi kabla, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajawahi kusomewa swali hajui kwamba anaruhusiwa kuomba lirudiwe.