Kujifunza ngozi nyeusi kwa kumnakili Velázquez

Mwanafunzi mpya wa rangi za mafuta akitaka kuchora uso wa mtu mweusi, mkono wake hukimbilia tyubu mbili: kahawia na nyeusi. Anakoroga, anapaka, na uso unatoka kama ukuta uliopigwa lami. Ndiyo maana nikifundisha picha za sura huanza na kunakili kazi moja: Juan de Pareja, aliyechorwa na Diego Velázquez, mchoraji wa Hispania, mwaka 1650. Picha iko makumbusho ya Metropolitan, New York.

Pareja alikuwa Mhispania mwenye asili ya Kiafrika, mtumwa katika karakana ya Velázquez. Walikuwa Roma alipochorwa. Machi mwaka huohuo picha ikaonyeshwa Pantheon, jengo la kale la mji huo, na Novemba bwana wake akatia saini hati ya kumwacha huru, kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi. Baadaye Pareja alichora kwa jina lake. Kazi yake ya 1661 iko makumbusho ya Prado, Madrid. Mtazame: hakuna alama ya utumwa mahali popote. Anakukazia macho kama mwenye nyumba.

Makumbusho yametoa picha hiyo bure mtandaoni, kubwa kiasi cha kuonyesha mipigo ya brashi. Ichapishe vizuri, uiweke bega kwa bega na kanvasi yako.

Usianze juu ya kanvasi nyeupe. Ipake kahawia yenye ukijivu, iache ikauke. Weupe hudanganya jicho, kila rangi ikaonekana imekoza kuliko ilivyo. Kwenye paleti weka nyeupe, njano ya udongo, nyekundu ya udongo, nyekundu kali kidogo, amba (kahawia ya udongo iliyokoza) na nyeusi. Basi. (Velázquez alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Ya titani inatosha.) Bluu haihitajiki: nyeusi na nyeupe hutoa kijivu ambacho kikikaa kando ya kahawia huonekana kibluu, na nyeusi na njano ya udongo hukupa kijani kilichofifia.

Sasa ngozi. Fumba macho nusu, tazama mng'ao wa kwenye paji la uso. Utaapa ni mweupe. Linganisha na kola ya lesi: kola ndiyo nyeupe, paji liko chini yake kwa ngazi kadhaa za mwanga. Tena mng'ao ule ni wa baridi, umeelekea kijivu, ilhali pembeni yake ngozi inarudi kwenye wekundu wa joto. Wengi hushangaa kuwa kijivu hicho ndicho kinachoupa uso uhai. Kiondoe, uweke kahawia iliyochanganywa na nyeupe, na ngozi itageuka chokaa. Mimi huwazuia wanafunzi wasiguse macho wala midomo mpaka ngazi hizo zikae sawa, hata wakininunia.

Vivuli vipake vyembamba, mwanga uwe mzito. Safu ya kwanza izimuliwe kwa tapentaini, za juu ziongezewe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza mpangilio huo, rangi itapasuka baadaye. Lesi ije mwisho, kwa mipigo michache ya brashi iliyoshiba. Ukianza kuhesabu matundu yake, weka brashi chini, rudi nyuma hatua kadhaa, uitazame kwa mbali.

Picha halisi ina takriban sentimita 81 kwa 70. Yako iwe na ukubwa tofauti: makumbusho mengi yanayoruhusu kunakili hudai hivyo, nakala isije ikauzwa kama kazi ya asili. Nyuma ya kanvasi andika jina lako, na neno "nakala".