Je, wajua kwa nini vichekesho vya kamera ya siri havihitaji maneno?

Jioni pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, wazee wakiwa na kahawa zao na dhumna imepamba moto, mtu akitoa simu yenye kichekesho cha kamera ya siri, yaani mtu anafanyiwa mzaha huku anarikodiwa bila kujua, baraza zima litaangua kicheko. Hakuna anayeuliza wanaongea lugha gani, maana hawaongei kitu.

Ukimya huo ni wa makusudi. Kipindi cha Just for Laughs Gags, kilichoanza kutengenezwa Montreal, Kanada, mwaka 2000, kiliachana na mazungumzo, kikabakisha muziki na vicheko tu. Kwa hiyo hakina haja ya tafsiri, na kimeuzwa katika nchi zaidi ya 100, hata ndani ya ndege.

Lakini mbona kinachekesha? Jibu alilipata Mmarekani Allen Funt alipokuwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa akirikodi malalamiko ya askari, na kila taa nyekundu ya mashine ikiwaka, ndimi zinawaganda. Akaikata ile taa. Askari wakamwaga ya moyoni. Mwaka 1947 akaanzisha kipindi cha redio kwa ujanja huohuo, na mwaka uliofuata akakipeleka kwenye televisheni. Ndiyo Candid Camera.

Mwaka 1962 walitega kwenye lifti. Waigizaji wanaingia, wote wanageukia ukuta wa nyuma. Jamaa mmoja aliyevaa koti anababaika, anajifanya anatazama saa, na kila akiitazama anageuka kidogo, mpaka naye kaupa mlango mgongo! Tunachocheka ni uso wake: sisi tunajua, yeye hajui, na bado anataka aonekane anajua. Mzaha wa kumtisha mtu mpaka akatimua mbio unaikosa ladha hiyo, na kwangu mimi huo ni uonevu tu.

Vipindi vya makosa ya kurikodi, kama It'll Be Alright on the Night cha Uingereza cha mwaka 1977, vinakula sahani hiyohiyo. Mtangazaji kakaza uso, suti imenyooka, ulimi unateleza, basi heshima yote chali.

Funt mwenyewe yalimkuta. Februari 1969 ndege aliyopanda kwenda Miami ilitekwa nyara ikapelekwa Cuba. Abiria waliomtambua wakaona ni michezo yake tu, wakacheka, mpaka ndege ikatua Havana.

Kwetu Unguja kazi hiyo ya kutega kamera ingekuwa ngumu kwa sababu moja: watu wanajuana mno. Jaribu kutega kamera ndani ya kapu pale Darajani. Hujamaliza kulifunika, muuza urojo keshakuuliza, "Mwanangu, hicho kijicho ndani ya kapu kinamtazama nani?"